Profesa J.L.B. Smith: Mzaliwa wa nchi kavu aliyezijua hatari za samaki wa pwani

MTOTO aliyezaliwa Kamukuywa, kando ya barabara itokayo Webuye kwenda Kitale, hufundishwa mapema kuuheshimu mto. Maji huteremka kutoka Mlima Elgon, na mvua inaponyesha milimani mto hufura ghafla ukamchukua asiyejua kuogelea. Hata hivyo, kinachohofiwa hapo ni mkondo, si samaki. Samaki anayejulikana kuumiza ni kambare, ambaye miiba ya mapezi yake humchoma kiganjani mvuvi asiyejua kumshika.

Mtoto huyo anapofika Mombasa kwa ziara ya shule, huvua viatu na kukimbilia bahari. Maji yamekupwa, yanamfikia magotini, yameng'aa, na hayana mkondo wa kumtisha. Kwa kipimo alichofundishwa nyumbani, hayo ni maji salama. Kumbe ni katika maji ya namna hiyo, baina ya mawe na matumbawe, ambamo hukaa samaki wenye miiba ya sumu ambao mvuvi wa Shimoni au wa Lamu huwaepuka bila hata kufikiri.

Miongoni mwa wataalamu waliozichunguza hatari hizo kwa kina katika pwani ya mashariki ya Afrika ni Profesa James Leonard Brierley Smith wa Afrika Kusini, aliyefariki mwaka 1968. Ulimwengu humkumbuka zaidi kwa ajili ya silikanti, samaki wa kale aliyedhaniwa kuwa ametoweka. Lakini maisha yake yana funzo jingine, hasa kwa mkazi wa bara, kwa sababu Smith mwenyewe hakuzaliwa pwani.

Utoto na vita

Smith alizaliwa Septemba 26, 1897, katika mji wa Graaff-Reinet. Mji huo uko Karoo, nyika kame ya ndani ya Afrika Kusini ambako mvua ni haba na bahari iko mbali. Alianza kuijua bahari akiwa mtoto, familia yake ilipokwenda likizoni Knysna, mji wa pwani ya kusini. Hapo alivua samaki kwa ndoana, na mapenzi ya uvuvi yakamwingia asitoke nayo tena maishani.

Akiwa angali kijana wa masomo, Vita vya Kwanza vya Dunia vilimchukua. Alijiunga na jeshi na kupelekwa Afrika Mashariki ya Wajerumani, ambayo sehemu yake kubwa leo ni Tanzania Bara, ambako majeshi ya Uingereza na Afrika Kusini yalikuwa yakipambana na yale ya Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck. Katika vita hivyo maradhi yaliua na kulemaza watu wengi kuliko risasi. Smith alipatwa na malaria, ugonjwa wa kuhara damu na homa ya baridi yabisi. Alirudi kwao akiwa hai, ila afya yake haikupata kuwa timamu tena.

Aliendelea na masomo ya kemia Stellenbosch, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, alikopata shahada ya uzamifu mwaka 1922. Aliporejea aliajiriwa kufundisha kemia katika Chuo cha Rhodes, mjini Grahamstown, mji ambao tangu mwaka 2018 unaitwa Makhanda. Kwa miaka mingi kazi iliyompa riziki ilikuwa kemia. Elimu ya samaki aliisomea mwenyewe, nyakati za likizo na usiku, kwa kuvua, kupima, kuchora na kulinganisha na vitabu.

Hapakuwa na mwalimu wa kumfundisha karibu naye, wala kitabu kimoja kilichokusanya samaki wote wa eneo lake. Alilazimika kumhesabu kila samaki mapezi, miiba na magamba. Tabia hiyo ya kutazama kwa makini kabla ya kutamka jina ndiyo iliyomfanya baadaye awe bingwa.

Samaki wa kale

Desemba 22, 1938, meli ya uvuvi iliyoongozwa na Kapteni Hendrik Goosen ilinasa samaki wa ajabu karibu na mlango wa Mto Chalumna, si mbali na mji wa East London. Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi kijana wa jumba la makumbusho la mji huo, alimwona samaki huyo, akatambua kwamba si wa kawaida, akamchora na kumwandikia Smith, ambaye wakati huo alikuwa Knysna.

Barua hiyo ilimfikia mwanzoni mwa Januari 1939. Mchoro ulimwonyesha samaki mwenye mapezi yaliyosimama juu ya vikonyo vya nyama kama miguu, wa jamii iliyojulikana kwa mabaki yaliyogeuka mawe tu, na iliyoaminiwa kuwa ilitoweka zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita. Smith alipomwona kwa macho yake mwezi Februari, shaka ilimwishia. Alimpa jina la Latimeria chalumnae, kwa heshima ya Courtenay-Latimer na ya mto ule.

Viungo vya ndani vya samaki huyo vilikuwa vimeoza na kutupwa. Smith akawa na kiu ya kumpata wa pili, na kiu hiyo ilidumu miaka 14. Aliamini kwamba makao halisi ya silikanti yako kaskazini zaidi, katika maji ya joto. Mwaka 1948 alichapisha vikaratasi vyenye picha ya samaki huyo, kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno, akaahidi zawadi ya pauni 100 kwa atakayempata. Vikaratasi hivyo vilisambazwa pwani ya mashariki ya Afrika na visiwani.

Utafutaji huo ndio uliomfikisha katika maji ya Waswahili. Kuanzia mwaka 1946, alipoacha kemia na kuwa profesa wa utafiti wa samaki, yeye na mkewe Margaret walifunga safari nyingi za Msumbiji, na mwaka 1952 wakafika Kenya, Zanzibar na Pemba. Walikaa kambini, wakafuata saa za maji kujaa na kukupwa, wakatembea juu ya miamba siku nzima. Margaret alichora samaki wangali na rangi zao, kwa maana rangi hupotea upesi samaki anapokufa.

Zanzibar ndiko walikokutana na nahodha Mwingereza, Eric Hunt, aliyefanya biashara kwa jahazi kati ya visiwa. Hunt alichukua vikaratasi akavipeleka Ngazija na visiwa vingine vya Komoro. Desemba 20, 1952, mvuvi Ahmadi Abdallah alimvua samaki mkubwa kisiwani Anjouan, akampeleka sokoni. Mwalimu mmoja, Affane Mohamed, alimtambua kutokana na picha ya kikaratasi. Samaki huyo alivushwa milima hadi Mutsamudu, kilikotia nanga chombo cha Hunt.

Simu ya upepo ilimkuta Smith Durban, akiwa melini njiani kurudi nyumbani. Alimwomba Waziri Mkuu D.F. Malan ndege, akapewa ndege ya kijeshi, na siku chache baada ya Krismasi akatua Mayotte. Alipofunuliwa samaki yule alitokwa na machozi.

Baadaye ilidhihirika kwamba samaki huyo hakuwa mgeni kwa kila mtu. Wavuvi wa Komoro walimjua kwa jina la gombesa, na walikuwa wakimvua mara mojamoja tangu zamani. Elimu ya vyuoni ilikuwa ikitafuta kile ambacho mvuvi wa ngalawa alikwisha kukijua. Hata hivyo, Smith alimpa samaki wa pili jina la Malania, kwa heshima ya waziri mkuu ambaye serikali yake ndiyo iliyoanzisha sera ya ubaguzi wa rangi. Jina hilo halikudumu, kwa kuwa ilithibitishwa kwamba samaki wote wawili ni wa aina moja.

Mwiba wa samaki jiwe

Silikanti aliyempa Smith umaarufu hana madhara kwa muogaji. Huishi katika vina virefu, zaidi ya mita 100 chini ya uso wa bahari, ambako mtu hafiki kwa miguu. Samaki aliyemletea Smith maumivu makali alikuwa katika maji haba ya miambani, na si mkubwa kuliko kiatu.

Huyo ni samaki jiwe. Ngozi yake ni ya vinundu, rangi yake ni ya mwamba uliofunikwa na mwani, na tabia yake ni kutulia tuli akisubiri samaki wadogo wapite mbele ya mdomo wake. Mgongoni ana miiba 13, na kila mwiba una vifuko viwili vya sumu. Hamfukuzi mtu wala hamkimbii. Hujitegemea kwa kutoonekana kwake, na uzito wa mtu anayemkanyaga ndio unaozisukuma sumu zile ziingie mwilini. Hata akitolewa majini huweza kuishi kwa saa kadhaa, hivyo aliyeachwa juu ya mwamba au ndani ya mtumbwi bado ni hatari.

Smith alimjua samaki huyo kwa jina, kwa umbo na kwa idadi ya miiba yake. Alikuwa amewaandikia wengine kuhusu hatari yake. Hata hivyo, akiwa Pinda, kaskazini mwa Msumbiji, alichomwa naye mkononi. Maumivu yalipanda upesi kupita kiasi cha kuvumilika, na mkono haukupona haraka. Mwaka 1951 alichapisha maelezo ya tukio hilo katika jarida la kisayansi la Copeia, akijitumia yeye mwenyewe kama mgonjwa wa kuchunguzwa. Mwaka 1957 aliandika tena katika jarida hilo kuhusu vifo viwili vilivyotokea haraka baada ya watu kuchomwa na samaki jiwe.

Uzito wa maandishi hayo ni kwamba yaliondoa dhana mbili. Dhana ya kwanza ni kwamba habari za samaki anayeua kwa mwiba ni hadithi za wavuvi. Ya pili ni kwamba anayeijua hatari hawezi kudhurika nayo. Smith alikuwa miongoni mwa watu wachache sana duniani waliomfahamu samaki huyo kwa undani, na bado ilitosha kughafilika mara moja tu.

Kitabu chake kikuu kuhusu samaki wa bahari za kusini mwa Afrika kilitoka mwaka 1949, kikiwa na aina zaidi ya 1,000 na michoro mingi, sehemu yake ikiwa ni kazi ya Margaret. Kilikusudiwa kutumiwa na mvuvi wa kawaida pia, si na maprofesa peke yao. Mtu aliweza kufungua ukurasa, akalinganisha picha na samaki aliye mkononi, akajua kama analiwa, kama anachoma, au kama ni wa kuachwa.

Lipo jambo katika utafiti wake lisiloweza kusifiwa leo. Smith alikusanya samaki kwa kulipua baruti miambani. Wakati huo watafiti wengi hawakuliona kuwa kosa, lakini mlipuko mmoja huvunja matumbawe yaliyochukua miaka mingi kukua, na huua viumbe wengi kuliko wale wanaookotwa. Uvuvi wa baruti umepigwa marufuku Kenya na Tanzania, na pwani ya Tanzania imewahi kupata hasara kubwa kwa sababu yake.

Elimu iliyobaki

Elimu kuhusu sumu za samaki imesonga mbele tangu siku za Smith. Imefahamika kwamba sumu ya samaki jiwe, ya taa, na ya jamaa zake wenye mapezi marefu yenye milia, ina protini zinazoharibiwa na joto. Kwa hiyo matibabu ya kwanza ni kukitumbukiza kiungo kilichochomwa katika maji ya moto kiasi cha nyuzi 45 za Selisiasi, kwa muda wa nusu saa hadi saa moja na nusu, au mpaka maumivu yapungue. Maji hayo yapimwe kwanza kwa mkono mzima, wa mgonjwa au wa mwenzake, kwa maana kiungo chenye ganzi kinaweza kuungua bila mwenyewe kuhisi.

Kabla ya hayo yote mgonjwa atolewe majini, kwa kuwa wengi huzirai kwa maumivu na kuzama. Jeraha lisikatwe kwa wembe, lisinyonywe kwa mdomo, wala mguu usifungwe kwa kamba ya kukazwa. Mwiba uliokwama kifuani, tumboni au shingoni using'olewe ufukweni, kwani huenda ndio unaoizuia damu isimwagike. Baada ya maji ya moto, safari ni ya hospitali, hata kama maumivu yametulia, kwa sababu vipande vya mwiba hubaki ndani na pepopunda huweza kufuata. Dawa maalumu ya kupambana na sumu ya samaki jiwe ilianza kutumika Australia mwaka 1959.

Kinga ni nyepesi kuliko tiba. Anayetembea miambani maji yakiwa yamekupwa avae viatu vya soli nene, wala si kandambili, ingawa mwiba wa samaki jiwe huweza kupenya soli nyembamba. Atazame mahali anapokanyaga, na aache kutembea pale maji yanapokuwa na matope au jua linapozama. Asishike jiwe asilolijua na asitie mkono pangoni, kwa kuwa mkunga hukaa humo na meno yake hurarua nyama.

Kwenye mchanga, mbinu ni tofauti. Taa hujifukia akabaki na macho tu, na mkia wake una mwiba wenye meno kama msumeno. Yeye, tofauti na samaki jiwe, hupenda kukimbia. Anayeburuta nyayo zake badala ya kuinua miguu humshtua kwa mbali naye akajiondokea. Lakini kuburuta nyayo miambani hakufai kitu, kwa maana samaki jiwe hatoki alipo. Kumjua samaki ndiko kunakomwambia mtu atumie mbinu ipi.

Kuna pia samaki ambaye hatari yake haiko majini bali jikoni. Bunju, yule ajivimbishaye kama mpira, ana sumu katika ini, mayai na ngozi, na kwa baadhi yao hata katika nyama. Sumu hiyo haiharibiwi na moto wala ndimu. Hulegeza misuli hadi mtu ashindwe kuvuta pumzi, na haina dawa ya kuiondoa. Mgonjwa huokolewa kwa kusaidiwa kupumua hospitalini mpaka sumu imtoke mwilini. Mgeni anayeokota samaki ufukweni na kumpeleka jikoni bila kumwonyesha mwenyeji hujiweka katika hatari kubwa kuliko yule anayeogelea mbali na ufuko.

Mwisho wa safari

Smith aliendelea kuandika hadi uzeeni. Kitabu chake kuhusu silikanti kilichotoka mwaka 1956 kilisomwa katika nchi nyingi. Mwaka huohuo wa 1956 rafiki yake Eric Hunt alipotea baharini. Mwaka 1963 Smith na Margaret walitoa kitabu cha samaki wa Shelisheli. Kwa jumla aliwapa majina ya kisayansi samaki zaidi ya 300 ambao hawakuwa wameandikwa kabla yake.

Maradhi aliyoyabeba tangu vita vya Afrika Mashariki hayakumwacha. Januari 1968, akiwa na umri wa miaka 70, alijiua. Kifo hicho kiliwahuzunisha wengi waliomjua kuwa mtu wa kazi na nidhamu. Margaret hakuiacha kazi yao. Aliongoza taasisi ya elimu ya samaki iliyopewa jina la mumewe, ambayo leo ni taasisi ya taifa ya Afrika Kusini inayotafiti viumbe wa majini. Mwaka 1986, yeye na Phillip Heemstra walitoa toleo jipya la kile kitabu kikuu, na mwaka uliofuata akafariki.

Dhana ya Smith kwamba silikanti anaishi pia kaskazini imethibitika tangu hapo. Mwaka 2001 mmoja alinaswa karibu na Malindi, na kuanzia mwaka 2003 wengi wamenaswa Tanzania, hasa Tanga, ambako hifadhi ya bahari ilianzishwa mwaka 2009 kwa ajili yao. Mtafiti aliyetafuta wa pili kwa miaka 14 angestaajabu kusikia idadi yao.

Kwa msafiri atokaye Kamukuywa, Kitale au Bungoma, hata hivyo, urithi mkubwa zaidi wa profesa huyo si silikanti. Ni habari kwamba mtu aliyezaliwa katika nyika isiyo na maji aliweza kuisoma bahari, samaki kwa samaki, na kwamba hata baada ya kuisoma hivyo ilimchoma alipoisahau kidogo. Kina cha maji si kipimo cha hatari yake. Kabla ya kuvua viatu, hakuna aibu yoyote kwa mgeni kumwendea mvuvi anayeshona nyavu zake ufukweni na kumwuliza hapa pana nini, naye atajibiwa, kwa kuwa elimu hiyo ilikuwapo pwani kabla ya Smith kufika, na wenyewe hawajawahi kuinyima.